Lalamiko Lenye Sura Thelathini na Moja

Ukikaa vizuri utasimuliwa, ukikaa vibaya utasimuliwa hivyo hivyo. Ilikuwepo nchi, na mpaka leo ipo, ila haina jina. Si kwamba tunalificha. Kamati ya Jina la Nchi ilianza vikao mwaka ule wa uhuru, ikafika herufi ya tatu, ikaenda mapumziko ya chai, na chai bado haijaisha. Wenyewe wanaiita "huku kwetu," na wakisafiri wanaiita "kule kwetu," na hakuna aliyewahi kupotea. Kwa hiyo msomaji usianze kukuna kichwa ukisema hii naijua. Huijui. Nchi yako ina jina.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Mwantumu Sempombe, mama wa miaka hamsini na mitatu, karani wa Bohari ya Vitabu ya Taifa. Bohari ilikuwa na chumba kimoja cha vitabu na vyumba kumi na vinne vya viongozi wa bohari. Kazi ya Bi Mwantumu ilikuwa kugonga muhuri. Kitabu kikiazimwa, muhuri. Kikirudi, muhuri. Kitabu kilichokaa miaka kumi bila muhuri kilihesabiwa kuwa kimekosa adabu. Kiliandikwa kwenye Orodha ya Kufutwa, na tarehe thelathini lori lilikuja kukipeleka kiwandani kikasagwe kuwa trei za mayai. Serikali ilijivunia mpango huo. Waziri alipata kusema bungeni kwamba hakuna nchi nyingine duniani ambako yai linalala juu ya fasihi, na wabunge wakapiga meza mpaka mbili zikavunjika.

Sasa mwezi huo, kwenye orodha, namba nne ilisomeka hivi: "Jiwe la Mizani, riwaya, A. Lukindo, nakala moja." Zilipata kuchapwa nakala elfu tatu. Zile nyingine zote mayai yalishazilalia.

Bi Mwantumu alikisoma kitabu hicho akiwa na miaka kumi na mitatu, chini ya dawati, kwenye kipindi cha ushonaji. Alichapwa, na mpaka leo hajui kushona kifungo. Lakini karani Mbaruku hajamtoka kichwani. Mbaruku ndiye mtu wa kitabuni, karani wa kituo cha kununulia pamba cha Kwamgunda, mpole, mwenye leso safi, aliyelitoboa jiwe la mizani akamwaga risasi iliyoyeyushwa ndani yake ili kilo hamsini za mkulima zisomeke arobaini. Kitabu kinaanza hivi: "Mizani ya Kwamgunda haikuzaliwa mwongo." Basi. Ukisoma hapo huwezi kurudi kwenye kifungo.

Utauliza kwa nini asikigonge muhuri mwenyewe kikaokoka. Mtumishi wa bohari alikatazwa kuazima kitabu, maana anaweza kukisoma saa za kazi. Utauliza tena kwa nini asikibebe tu akakiweka kwake. Kitabu kilichofutwa ni uchafu kisheria, na nakala yake ni uchafu pia, na bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kila mwezi kukagua vyoo na rafu.

*

Jambo lililomnyima Bi Mwantumu usingizi ni kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa hai.

Mzee Anzeruni Lukindo alikuwa na miaka themanini na sita. Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo mchana kutwa kitanda chake kilitetemeka na yeye juu yake. Alikuwa na redio, kiti kimoja, na trei la mayai lenye mashimo thelathini alimopanga vidonge vyake, kila siku na shimo lake. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kufuta orodha bila kungoja lori. Kilifuta jina la marehemu mkewe, kikafuta mwaka, kikafuta vitabu vyake vyote saba. Jina la Bi Mwantumu halikuwahi hata kuingia. Alimwita binti wa vitabu.

Kila Ijumaa, kazi ikiisha, Bi Mwantumu alikiiba kitabu, akakifunika kwa mchicha ndani ya kapu, akaenda kumsomea mzee sura moja. Jumatatu alikirudisha. Mzee alisikiliza macho yamefumba, vidole vikitembea juu ya goti. Penye kuchekesha alicheka, akakohoa, akaomba maji. Mwisho wa sura aliuliza swali lile lile.

"Nani kaandika hii?"

"Wewe, mzee wangu."

"Acha utani, binti wa vitabu. Mtu anayeandika hivi anaweza kulala na kunguni?"

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Mzee huyu, ambaye hakujua kama amekula, hakujua kama ni Jumapili au Krismasi, alijua kila Ijumaa wapi waliishia. Bi Mwantumu akifungua mlango tu, mzee anasema, "Tulimwacha Mbaruku yuko kwenye ngazi, amebeba jiwe." Sura ikifika ya thelathini na moja, wiki inayofuata wanaanza ya kwanza, na mzee anaipokea kama mpya. Kwa hiyo hicho kitabu ndicho kilichokuwa kalenda yake, njia yake ya kwenda na kurudi. Kikisagwa, mzee atabaki katikati ya njia. Bi Mwantumu alilijua hilo, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia.

*

Tarehe mbili, redio ikatangaza Mwaka wa Waandishi Waliosahaulika.

"Serikali yenu," alisema Waziri kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "haijawahi hata siku moja kusahau kwamba imewasahau. Tutawaenzi. Tutawatafuta popote walipo, na tusipowapata tutawaenzi hapo hapo tulipo."

Bi Mwantumu akavaa viatu vya kanisani, akaenda Idara ya Waandishi Waliosahaulika. Mkurugenzi alikuwa Dakta Bonaventura Sikitu, mtu laini, mnene kidogo, ambaye ukutani alitundika picha yake akimpa mkono mtu aliyekatwa na fremu. Alimkaribisha Bi Mwantumu vizuri sana. Akamtolea fomu.

"Mwandishi wako amesahaulika?"

"Kabisa, mheshimiwa. Hakuna anayemkumbuka."

"Wewe je?"

"Mimi namkumbuka."

Dakta Sikitu akaweka kalamu chini kwa huzuni ya kweli. "Basi hajasahaulika, mama. Unataka kuchukua nafasi ya mtu aliyesahaulika kihalali."

Akamwonyesha kabati. Lilikuwa na mafaili arobaini ya waandishi waliosahaulika kwa asilimia mia. Hayakuandikwa majina, maana hakuna anayeyakumbuka, na ndani hayakuwa na karatasi. Kila mwaka yaliwekewa shada la maua na kupigiwa saluti na skauti.

Bi Mwantumu hakukata tamaa upesi. Alirudi mara ya pili na mashahidi watatu wasiomjua Lukindo, wauza nyanya wa sokoni kwake. Wakaulizwa kwa kiapo, je, mnamfahamu Anzeruni Lukindo? Wakasema hapana. Wakaulizwa, ni nani msiyemfahamu? Wakasema Anzeruni Lukindo. Dakta akawashukuru, akaandika kwamba watu watatu zaidi sasa wanamjua, na kwamba hali ya mwandishi huyo inazidi kuwa nzuri.

"Halafu nasikia yuko hai," akaongeza, akiishusha sauti kama anayeulizia ugonjwa wa aibu. "Mama, akiwa hai tunamuenzi vipi? Anaweza kunyanyuka katikati ya sherehe akasema kitu."

Bi Mwantumu akaanza kulia pale pale, bila sauti, chozi likadondokea kwenye fomu. Dakta Sikitu hakuwa mtu mbaya. Akamshauri apande ghorofa ya saba, kwenye Kamati ya Kuhuisha Maandishi kwa Msomaji wa Kisasa. Wakikihuisha, akasema, kitabu hakifi.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe tisa na chupa nane za maji, na kikao cha kwanza kilishughulikia hilo. Cha pili kilichukua Jiwe la Mizani. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Kitabu kinazunguka meza, na kila mjumbe anakata kile ambacho msomaji wa kisasa hatakielewa. Ili kuwa na uhakika, mjumbe anakata kile ambacho yeye mwenyewe hajakielewa. Bi Mwantumu, aliyesimama mlangoni na kapu lake, aliwaomba wakate kwa penseli. Wakakubali, wakamsifu kwa kujali mazingira.

Mjumbe wa kwanza akaondoa mizani, kwa vile siku hizi mizani ni za tarakimu na hazina mawe. Wa pili akaondoa jiwe, kwa vile mizani imeshaondoka. Wa tatu alitoka Wizara ya Furaha, akaondoa kila mahali ambapo mtu ana huzuni, na mke wa Mbaruku akaenda na maji. Wa nne akaondoa sentensi ndefu. Wa tano akaondoa fupi, zisije zikakaa peke yake. Wa sita akasema kwamba katika nchi yetu hakuna karani anayeiba, hivyo si kweli, hivyo si fasihi. Wa saba alikuwa amesinzia, na penseli yake ikaburuta mstari kutoka ukurasa wa mia na ishirini mpaka wa mia na tisini. Hilo nalo likaingizwa kwenye muhtasari. Wa nane akaunga mkono.

Ilipofika kwa wa tisa, mwenyekiti, kitabu kilikuwa kimebaki maneno mawili, yaliyotoka sura ya sita: "Mbaruku aliamka." Mwenyekiti akayatazama sana. Akasema Mbaruku ni jina la mtu, linaweza kuleta ubaguzi. Na aliamka ni wakati uliopita, na sisi tunatazama mbele.

Wiki hiyo hiyo zikatoka fulana elfu arobaini zilizoandikwa AMKA, na chini yake picha ya Waziri akiwa macho. Mwenyekiti aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwa mara ya kwanza riwaya kubwa ya taifa inaweza kusomwa na mtu aliye kwenye pikipiki.

Kitabu chenyewe, kwa kuwa sasa kilikuwa na toleo la kisasa, kikahesabiwa kuwa kimepitwa na wakati. Kikatoka namba nne kwenye Orodha ya Kufutwa kikawa namba moja. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na sita.

*

Bi Mwantumu alifuta penseli kurasa mia tatu na kumi na mbili kwa kifutio cha shule. Alipomaliza, kwa hasira, akaandika barua ya kulalamikia kamati, nusu ukurasa, akaipeleka Masjala ya Malalamiko. Hakuwa na tumaini lolote. Alitaka tu mtu agonge muhuri juu ya hasira yake.

Hapo ndipo alipofumbuliwa macho. Katika nchi ile ambako bohari ya vitabu ilivuja na panya walikuwa na vyeo, Masjala ya Malalamiko ilikuwa jengo la zege lisiloshika moto, lina ubaridi wa mashine, lina makabati ya chuma mpaka darini. Barua yake ilipokelewa kwa mikono miwili. Ikanakiliwa mara sita. Ikagongwa mihuri, ikapewa namba, na yeye akapewa kiti.

"Hapa hakipotei kitu, mama," alisema karani wa masjala, Bwana Chambuso, mzee kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Lalamiko la kwanza kabisa la nchi hii, la bwana mmoja aliyelalamikia mbuzi wa jirani, lipo. Na mbuzi yupo." Akaonyesha fuvu lenye pembe juu ya kabati, na namba yake.

Bi Mwantumu akauliza kwa nini vitabu visitunzwe hivyo.

"Kitabu ni cha wote," akasema Chambuso. "Lalamiko lina mwenyewe. Siku yoyote anaweza kuhitajika."

Akaendelea kumweleza, kwa fahari ya mtu anayeipenda kazi yake, kwamba kila lalamiko hupelekwa ofisi sita, na katika kila ofisi kila afisa lazima alisome mpaka nukta ya mwisho, kisha asaini kwamba yeye hakutajwa humo. Urefu hauna kikomo. Mwananchi ana haki ya kulalamika kadiri alivyoumia.

Bi Mwantumu akashika ukingo wa meza. "Hata kurasa mia tatu?"

"Utakuwa umeumia sana, mama. Lakini ni haki yako. Sharti ni moja tu. Mlalamikaji awe hai, asaini mwenyewe, na akiri mbele yangu kwamba maneno ni yake."

*

Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi ile ilimtaka mwandishi awe hai. Bi Mwantumu alitembea kurudi nyumbani akicheka peke yake barabarani, na watu wakampisha.

Aliketi akanakili sura ya kwanza kwa mkono. Juu akaandika "Yah: Malalamiko kuhusu mizani ya Kwamgunda," na chini akaacha nafasi ya jina. Kesho yake asubuhi akamvalisha Mzee Lukindo koti, akamfunga kamba za viatu, akamkokota hadi masjala. Njiani alimfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Utaulizwa haya ni maneno yako? Utasema ndiyo. Hebu sema. Mzee akasema ndiyo. Tena. Ndiyo. Akasema ndiyo kwa kila mtu waliyepishana naye, mpaka kwa askari aliyewauliza kama wamepotea.

Chambuso akamsomea mzee sura yote, kama sheria inavyotaka. Akasoma vizuri, kwa sauti ya masjala isiyo na kona. Mzee akafumba macho, vidole vikatembea juu ya goti. Pale mkulima anapomuuliza Mbaruku kama mizani imeshiba, mzee akacheka, akakohoa, akaletewa maji.

"Mzee Anzeruni Lukindo," akasema Chambuso, kalamu mkononi, "je, haya ni maneno yako?"

Mzee akafungua macho. Akamtazama Bi Mwantumu, ambaye midomo yake ilikuwa inatamka ndiyo bila sauti. Akaitazama karatasi. Alikuwa mtu mwaminifu maisha yake yote, na hicho ndicho kitu ambacho kichwa chake hakijakifuta.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Lakini ni mazuri. Huyo mwenyewe mmempa chai?"

Chambuso akaifunika kalamu. Bi Mwantumu akaomba, akaeleza, akataja mwaka kilipochapwa. Chambuso alisikitika kweli, akavua hata miwani. Lakini mlalamikaji amekana. Karatasi isiyo na mwenyewe inarudi ilikotoka, na siku zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Bi Mwantumu alikaa na ile karatasi magotini. Jina au kitabu. Kukiokoa kitabu alitakiwa kuliacha jina la mzee nje ya mlango, na kuliokoa jina hakukuwa na njia yoyote. Mzee pembeni yake alikuwa anasifia chai.

Akachukua kalamu. "Ni maneno yangu," akasema, na akasaini: Mwantumu Sempombe.

*

Tangu siku hiyo alinakili usiku na mchana, sura mbili, siku nyingine tatu, kazini kitabu kimefichwa ndani ya daftari la muhuri. Kila jioni alipeleka alichonacho. Kidole chake cha shahada kikafanya sugu, kisha sugu ikapasuka. Na katika ofisi sita za serikali ile, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, watu walianza kusoma.

Walisoma kwa hofu, wakitafuta kama wametajwa. Mtu anayetafuta jina lake haruki mstari. Walisoma wakinong'ona, walisoma wakifuata kwa rula. Kufikia sura ya tisa hofu ilikuwa imeshachanganyika na kitu kingine ambacho hawakukijua jina. Sura ya kumi na nne ilipochelewa nusu siku, ofisi mbili zilituma tarishi kuuliza kama mlalamikaji ni mzima. Dakta Sikitu alikutwa na sura ya kumi na tisa, ile ya kifo cha mke wa Mbaruku, macho yamevimba. Akasema ni vumbi la mafaili, na wote wakajua mafaili yake hayana kitu.

Kisha kikatokea kioja. Nakala ya sita ilikuwa inakwenda Idara ya Mizani, na kutoka huko ikasambazwa kwa makarani wa mizani nchi nzima ili kila mmoja asaini kwamba hakutajwa. Makarani mia mbili na kumi na wawili walisoma. Makarani mia mbili na kumi na wawili wakaandika kwamba wametajwa. Mmoja alileta jiwe lake mwenyewe mgongoni, kwa miguu, siku mbili, akaomba lipimwe mbele ya watu.

Tarehe thelathini Bi Mwantumu alikuwa bado na sura ya mwisho. Lori lilifika saa nne asubuhi. Dereva akapiga honi, mpakiaji akasimama mbele ya meza yake na orodha, namba moja. Bi Mwantumu alikuwa anaandika bila kunyanyua kichwa, akimwambia ngoja, ngoja kidogo baba. Mpakiaji akangoja kadiri ya kuvuta sigara moja. Kisha akakivuta kitabu taratibu kutoka chini ya mkono wake. Zilikuwa zimebaki aya mbili. Ya mwisho kabisa aliijua kwa moyo, akaiandika. Iliyotangulia ilikuwa na mistari minne au mitano, na alipoitafuta kichwani hakuikuta. Akaruka, akamalizia, akakimbia masjala na wino haujakauka.

*

Jumatatu iliyofuata aliitwa mbele ya jopo, watu watatu na bendera. Mwenyekiti wa jopo alikuwa ameshika sura zote, zimechakaa kwa kushikwa.

"Huyu Mbaruku anakaa wapi?"

"Hakai popote, mheshimiwa. Ametungwa."

"Na nani?"

"Na Mzee Anzeruni Lukindo. Mimi nimenakili tu. Nilisaini kwa sababu sikuwa na njia."

Wakatuma watu bohari. Bohari ikajibu kwa maandishi kwamba haina kitabu cha namna hiyo na haijawahi kuwa nacho, maana kikishafutwa kinafutwa pamoja na historia yake. Wakatuma Idara ya Waandishi Waliosahaulika. Dakta Sikitu akajibu kwamba jina hilo halimo kwenye mafaili yake arobaini. Wakamtazama Bi Mwantumu kwa huruma. Unyenyekevu wake uliandikwa kwenye kumbukumbu za shauri.

Uamuzi aliutangaza Waziri mwenyewe redioni. Alisema Bi Mwantumu Sempombe ameandika lalamiko kubwa kuliko yote katika historia ya taifa, na serikali imelipokea, imeguswa, na imelifunga. Nakala zote sita zitahifadhiwa milele ndani ya zege, na kwa usalama wake hazitasomwa na mtu yeyote mpaka milele hiyo itakapokwisha. Mtunzi anapewa cheti, na anakatazwa kuandika tena juu ya karatasi ya aina yoyote. Kufungwa asingeweza, magereza yalikuwa yamejaa makarani wa mizani. Alipewa pia fulana ya AMKA. Ilikuwa ya mtoto.

*

Ijumaa akaenda na kapu lenye mchicha peke yake.

"Tulimwacha Mbaruku amegunduliwa," mzee akasema alipofungua mlango. "Wakulima wamezunguka mizani, jiwe limepasuliwa."

Ilikuwa sura ya thelathini na moja. Bi Mwantumu akakaa kwenye kiti, mikono mitupu, akaanza kuisimulia kwa kichwa. Aliikumbuka zaidi ya alivyotegemea, maana mkono ulioandika ulikuwa bado unauma. Mashine ya kusaga ilinguruma, kitanda kikatetemeka. Akafika pale penye aya asiyoikumbuka. Akapita juu ya shimo kama mtu anayeruka mtaro gizani. "Mbaruku akawatazama wakulima, akaanza kulia."

"Hapana," akasema mzee, macho bado yamefumba.

"Hapana nini, mzee wangu?"

"Halii. Anatoa leso kwanza. Anaifuta mizani, sahani hii, kisha sahani hii, anaikunja leso mara nne, anaiweka juu ya daftari. Ndipo analia. Karani hawezi kulia na mizani ni chafu."

Ilikuwa ndiyo ile aya. Zile nakala sita ndani ya zege hazikuwa nayo, na ile iliyokuwa nayo ilikuwa imeshakuwa trei. Bi Mwantumu akamsogelea mzee, akamshika mkono.

"Umejuaje?"

Mzee akakunja uso. Mtu angedhani mlango wa kumbukumbu utafunguka.

"Mtu yeyote anayemjua Mbaruku angejua," akasema. "Wewe ndiye umekosea. Yule mama aliyeandika, wamemsema redioni, Mwantumu nani sijui, asingeweza kukosea hapo. Ana kipaji yule mama. Ukimwona mwambie."

Bi Mwantumu akamwachia mkono. Akainuka, akavimimina vidonge vyote kwenye ncha ya khanga yake, akaligeuza lile trei la mayai chini juu. Hukumu ilitaja karatasi. Trei haikulitaja. Akatoa penseli na kuanza kuandika kati ya vinundu vya yale mashimo, kwa herufi ndogo, leso, sahani hii, kisha sahani hii.

"Unaandika nini, binti wa vitabu?"

"Lalamiko."

"La nani?"

Bi Mwantumu alimaliza mstari, na chini yake, kwa herufi kubwa ambazo mzee angeweza kuzisoma, akaandika jina. Akalisogeza trei mpaka mbele ya macho yake.

Mzee akalishika kwa mikono miwili. Akasoma polepole, kidole chini ya kila herufi, Anzeruni, kisha Lukindo. Akasoma tena. Akatikisa kichwa.

"Simjui huyu," akasema, akamrudishia trei kwa uangalifu, lisije likadondoka. "Lakini kama naye anamjua Mbaruku, mlete Ijumaa tuzungumze."